Rangi Yangu ya Kucha kwenye Puli Yako

Baba Odhiambo,

Naogopa. Wacha nianze na hilo, kwa sababu ulikuwa unajua nikizunguka sana na maneno kuna kitu nakificha. Nimekalia ndoo ya grisi niliyoipindua, mgongo wangu umeegemea gurudumu la nyuma la trekta yako, na daftari nimeliweka magotini. Ni Ijumaa, saa tisa mchana. Kesho asubuhi Odhiambo anakuja kutoka Kondele kuizungusha hendeli ya hii injini. Mtoto wetu, fundi cherehani, na ile mikono yake inayolisha watu wanne. Ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini hendeli hii inavunja watu, na sijamwambia mtu yeyote.

Miezi kumi na moja sasa tangu tukuzike, na sidhani kuna mtu amekuja kukueleza mazishi yako yalivyokwenda. Wanafika kaburini, wanasema pumzika kwa amani, kisha wanaondoka mbio. Utaona ni kwa nini.

Unakumbuka ulivyokuwa unasema? "Mwalimu, mimi nikifa msinipeleke shimoni moja kwa moja. Nizungusheni shamba mara moja na trekta yangu nione miwa imefika wapi." Ulikuwa unasema ukicheka, mdomo umejaa ugali na omena, nami nakuambia wacha upuzi, kula. Lakini nililiweka moyoni. Siku moja kabla ya mazishi, dada yako Auma na wanawake wa boma wakiwa jikoni, nilichukua sabuni, mafuta ya taa na ile brashi ya waya, nikaja kuiosha. Sikutaka msaada wa mtu. Watu walikuwa wamejaa kila mahali, wanakulilia kwa sauti kuliko mimi, na hapa chini ya mabati ndipo nilipata nafasi yangu na wewe.

Nilisugua, Baba Odhiambo. Nilisugua matope ya miaka yote ile. Nilifika mpaka puli ya mbele, lile gurudumu dogo la chuma ambapo hendeli inaingia. Palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama. Lilikuwa limeshika kweli kweli. Nikasema, hii nayo ni rangi ya nani? Nikaongeza nguvu mpaka likatoka lote. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaona mashine yote inang'aa kama siku uliyoileta kutoka Muhoroni, nikaketi chini nikalia.

Kumbe na maji yalikuwa yameingia kwenye distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa cheche kwa plagi nne. Asubuhi haikutaka kuwaka. Rafiki yako Wasonga, fundi wa Otonglo, alikuwa amekuja na suti yake nyeusi kukuzika. Alivua koti, akaing'oa distributa, akaikausha na kitambaa, akairudisha. Na kwa sababu anaijua kazi, aliirudisha kwa alama, ule mkato uliochongwa kwenye puli tangu kiwandani. Mshale ulio kwenye injini uelekee mkato, kama kitabu kinavyosema. Angejuaje?

Padri alikuwa anaangalia saa. Watu wakasema jeneza liwekwe kwenye tela kabisa, injini ikiwaka tu tuondoke. Kwaya ikaanza. Wasonga akashika hendeli, akainama, akazungusha.

Pah!

Sikuwahi kusikia mlio kama ule. Hendeli ilirudi kinyume, ikamtupa Wasonga chini, na mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Trekta ikaruka kidogo, tela ikatikisika, na jeneza lako likasogea. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Auma akapiga nduru: "Amekataa! Yawa, amekataa kwenda!"

Watu walitoka mbio. Viti vilianguka, sufuria zikamwagika, kwaya ikakimbia na kanzu zao. Padri naye, usinichekeshe, alikimbilia chooni akajifungia. Nilibaki mimi, wewe, na Wasonga anayelia mchangani. Nilishika jeneza lako na mikono miwili nikasema kwa sauti ndogo, kwani nimekukosea nini?

Walikubeba mabegani, haraka haraka, moja kwa moja mpaka shimoni. Shamba hukuzungushwa.

Tangu siku hiyo unaitwa mtu mbaya. Wewe, uliyekuwa unamlimia kila mjane wa hapa kabla hujagusa shamba lako. Wanasema ulimvunja Wasonga mkono kwa sababu alishika kitu chako. Watoto waliokuwa wanaruka ua kuiba mapera hawaji tena, mapera yanaozea chini. Wanawake wa mtoni wanazunguka njia ndefu wasipite kaburini. Auma anataka trekta ikatwe iuzwe chuma chakavu, na kila Jumapili ananiuliza nimeamua nini.

Na mimi je? Mimi niliyefundisha Kiswahili darasa la nane miaka yote ile, nikiwaambia watoto waache ushirikina? Nilikuwa napita hapa nimegeuza uso. Upepo ukitikisa mabati nasimama kusikiliza. Nilikuogopa. Nakuambia waziwazi ili nisife nalo: nilikuogopa wewe, mume wangu, mtu niliyekuwa namkata kucha za miguu.

Halafu miezi miwili iliyopita bomba la tangi lilianza kuvuja, nikafungua sanduku lako la vyombo nitafute spana. Chini kabisa, ndani ya soksi yako ya kijivu, nikapata chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Yangu!

We mzee. Ile chupa niliinunua Kisumu kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu, nikaipaka mara moja, ikapotea. Nilisema Auma ameiba. Mbele ya watu nilisema! Miaka yote tukienda sherehe namwangalia vidole. Na wewe ulikuwa umekaa pale mezani, unatafuna, unaniangalia nikimwita dada yako mwizi, kimya kama maji ya mtungi.

Pamoja na chupa kulikuwa na kipande cha boksi la unga, mwandiko wako ule wa kulala: PULI SI YAKE. USIAMINI MKATO. AMINI NYEKUNDU.

Nikakumbuka yote kwa mara moja. Puli ya kwanza ilipasuka, ukaenda kuokota nyingine kwenye trekta mbovu ya watu, ikaingia vizuri lakini mkato wake ulikuwa mahali pengine kabisa. Ukakaa siku nzima na plagi mkononi ukitafuta mahali pa kweli, na ulipopapata ukaingia chumbani kwetu ukaiba rangi yangu. Siku hiyo uliniambia, mimi nikisahihisha madaftari bila kukusikiliza: cheche ikija mapema, pistoni bado inapanda, moto unaigonga kichwani na kuirudisha chini kinyume, na inarudi na mkono wa mtu.

Kwa hivyo haikuwa hasira yako. Ni mimi na brashi yangu, na upendo wangu wa kusugua.

Sasa utaniuliza, mbona hukusema? Niliona aibu, basi. Tangu unioe mimi ni yule mke aliyetoka Mumias anayejifanya anajua kila kitu. Nilisikia kichwani watakavyosema, ameosha trekta mpaka ikavunja mtu mkono, akamharibia mumewe mazishi. Nikasema nitangoja wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Nilienda Otonglo na kuku kumwona Wasonga. Mkono umeunga vibaya, vidole havifungi, spana inamponyoka. Alinyanyua ule mkono akaniuliza kama mtoto, "Shemeji, nilimkosea Mzee wapi?" Anaamini wewe umemlaani. Ameenda kuombewa makanisa matatu. Nikamkabidhi kuku wake, nikarudi nyumbani, na mdomo wangu sikuufungua. Nilikuacha wewe ubebe lawama, kwa kuwa wewe huwezi kujitetea.

Halafu juzi Odhiambo akapiga simu. "Mama, nimechoka na hadithi za mapepo. Jumamosi nakuja kuizungusha mwenyewe, watu wanyamaze." Nilisema sawa, mwanangu, njoo.

Mchana kutwa leo nimekuwa hapa. Nilifikiri hivi: nikiirekebisha kabla hajafika, atavuta, itawaka, na hakuna atakayejua chochote. Wacha nikueleze nilivyofanya, unisahihishe nilipokosea. Lakini hutanisahihisha, si ndiyo? Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nilitoa plagi ya kwanza, ile iliyo karibu na rejeta ya maji, nikaweka kidole gumba juu ya tundu. Swichi imezimwa; niliikagua mara nne. Nikazungusha hendeli pole pole na mkono mwingine. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, pumzi ikasukuma kidole changu, pfff. "Hapo inabana hewa ya kwenda kazini," ulikuwa unasema. Kisha nikatumbukiza sindano yangu ya kufumia, ile ndefu ya plastiki, nikaisikia inakaa juu ya pistoni. Nilikuwa nimeifunga uzi wa sweta katikati. Uzi ulipopanda mpaka mdomo wa tundu nikachora mstari wa chaki kwenye puli mbele ya mshale. Nikaendelea kuzungusha. Sindano ikafika juu, ikatulia, ikaanza kushuka, na uzi uliporudi kwenye mdomo wa tundu nikachora mstari wa pili. Katikati ya chaki mbili ndipo pistoni inafika juu kabisa. Nilipapima na utepe wa Odhiambo wa kupimia nguo. Kutoka hapo mpaka kwenye mkato wa kiwanda ni upana wa vidole vyangu vitatu. Vidole vitatu, Baba Odhiambo! Ndivyo vilivyomvunja Wasonga.

Betri nimetoa ya sola, kwa hivyo leo nyumba haina taa. Nimeleta katikati ya zile chaki mbele ya mshale, nimeunga balbu ya pikipiki kama ulivyokuwa unafanya, nikaizungusha distributa kidogo kidogo mpaka balbu ikawaka, maana yake pointi, vile vyuma viwili vidogo vya ndani, zimefunguka na hapo ndipo cheche inaruka. Nikairudisha unywele mmoja upande wa kuchelewa. "Ikichelewa itakohoa, ikiwahi itakuua." Nimekaza boliti. Nimefuata nyaya za plagi kwa zamu yao ya kuwaka: moja, tatu, nne, mbili. Nimezifuata tena kwa kidole nikizisema kwa sauti, kuku wananiangalia.

Imebaki hendeli.

Nimekaa hapa na hili daftari kwa sababu siwezi kuinuka. Kama nimekosea kusoma uzi? Kama sindano iliteleza? Macho yangu si yale. Mpango wangu ulikuwa Odhiambo avute kesho, lakini nikiandika hivi nasikia ninavyosikika: mama anamwachia mtoto mkono wake kama majaribio ili yeye asiaibike. Hapana. Kama kuna mkono wa kuvunjika, ni huu uliosugua.

Sijawahi kuvuta hii hendeli maishani mwangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu nishike wenzo wa mafuta. Lakini nakumbuka. Kidole gumba kisikumbatie chuma, kikae upande mmoja na wenzake, hendeli ikirudi ifungue mkono badala ya kuung'oa. Na usisukume chini hata siku moja. "Vuta, Mwalimu, usisukume." Ulimwambia kila mtu hivyo. Wasonga pia ulimwambia, lakini mtu aliyevaa viatu vya mazishi huteleza, husukuma.

Naweka kalamu chini. Baba Odhiambo, kama uko mahali, simama hapa nyuma yangu.

*

Nimerudi. Uvumilie mwandiko.

Mara ya kwanza nilivuta nusu, kwa woga, ikafanya pfu tu. Nililia kidogo. Mara ya pili niliinama nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikaisikia inafika juu, inagoma, inasimama. Nakuambia katika ule muda mfupi niliuona mkono wangu umevunjika tayari. Niliuaga kabisa. Kisha ikapita. Ikakohoa moshi mweusi, hendeli ikaniachia yenyewe taratibu, na injini ikawaka.

Ikawaka! Nilipiga kelele za mwendawazimu. Nilikimbia na lile goti bovu nikapanda juu kushika mafuta, na ilipotulia nikaisikia ile sauti yako, ile uliyokuwa unaigonga mezani na vidole ukingoja chai. Moja, tatu, nne, mbili. Miezi kumi na moja sijaisikia. Nililala juu ya usukani nikaukumbatia.

Nilipoinua kichwa Auma alikuwa amesimama uani na mwiko mkononi, machozi yanamtiririka. Akapaza sauti kushinda kelele za injini: "Amekukubali! Alimkataa Wasonga, amekukubali wewe mke wake!"

Unaona nilivyonaswa? Nilikuwa nimepata nilichotaka. Imewaka, mwanangu mzima, siri iko salama, na zaidi ya hapo nimekuwa mke aliyekubaliwa na marehemu. Lakini kufikia Jumapili hadithi ingefika Otonglo, na Wasonga angejua kwa hakika kabisa kwamba ulimchagua yeye kumvunja. Kaburi lako lingeogopwa mara mbili.

Nikamwambia Auma, ni mimi. Hakusikia. Nikapiga kelele, ni mimi, nililiosha doa! Akawa ananipungia mkono tu, anaimba. Injini ilikuwa inanizidi. Ili anisikie ilibidi niizime, na niliogopa kuizima kuliko nilivyoogopa kuivuta. Je, isipowaka tena? Kama ile ilikuwa bahati? Mkono wangu ulikaa kwenye swichi muda mrefu.

Nikaizima.

Nikashuka nikamweleza yote, brashi, doa, mkato wa uongo, ile miezi miwili ya mdomo kufungwa. Nikamwonyesha kipande cha boksi. Aliusoma mwandiko wako mara mbili, akaketi kwenye ndoo. Nilingoja matusi. Aliinua ile chupa nyekundu, akaigeuza kwenye mwanga, akasema pole pole, "Kwa hivyo mwizi alikuwa ndugu yangu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilikuwa nanawa mikono kabla ya kila sherehe, usije ukasema umeona wekundu." Tulicheka mpaka tukalia, halafu tukalia bila kucheka. Kisha akafuta uso na leso akaniambia, bila huruma hata kidogo, "Wasonga utamwambia lini?"

Kesho. Odhiambo akifika hataigusa hendeli kabla ya kunisikiliza. Atanipeleka Otonglo, nami nitamwambia Wasonga mlangoni mwake, kabla hajanikaribisha kiti, kwamba hujamlaani, kwamba hata kitabu kilikuwa upande wake, kwamba mkono wake ni deni la brashi yangu. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kunifukuza. Jumapili, wakati wa matangazo, nitasimama kanisani niseme tena, kwa sauti ya darasani, mpaka wale wa benchi la nyuma wasikie. Padri pia.

Doa nimelirudisha. Rangi ilikuwa imekauka, nikailainisha na tone la thina kutoka sanduku lako, nikaipaka katikati ya chaki mbili, safari hii kubwa kama harage. Iliyobaki kwenye kibrashi chake nimeipaka kwenye ukucha mmoja, wa kidole gumba, kile kilichokaa upande mmoja na wenzake. Wasonga akikubali kuja, yeye ndiye atakayekaa juu ashike mafuta, Odhiambo avute, na tela tutaifunga nyuma, tupu. Tutazunguka shamba mara moja, taratibu, tupite kaburini kwako. Miwa imenipita kichwa sasa, utaiona.

Lala, mume wangu. Bado naogopa, naogopa uso wa Wasonga akifungua ule mlango kwa mkono wa kushoto. Lakini wewe sikuogopi tena.

Mwalimu wako.